Ala ya Kisu cha Mama

Kisu cha mama kilifuliwa na mafundi wa jua kali, karibu na soko la Kibuye mjini Kisumu, kutoka kwa kipande cha springi ya lori. Hakikuwa na sura. Mpini wa mbao, misumari miwili ya shaba, na tumbo la mpini limefura kuliko kawaida kwa sababu mama alitaka kitu cha kumjaa kiganjani. Lakini kilikata. Mama alikuwa akiuza mgongo wazi pale mtaa wa Obunga, yale mabaki ya samaki aina ya mbuta ambayo viwanda huuza baada ya kutoa minofu ya kupeleka ng'ambo. Kazi yenyewe ni kukata mapezi, kupasua vichwa na kukwangua tangu asubuhi. Jioni kisu kilirudi nyumbani kikapuni, kimeviringishwa gazeti na kufungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Gazeti likilowa linachanika, na jioni moja mdogo wangu alitia mkono kikapuni akitafuta andazi, akautoa ukivuja damu. Hakikuwa kidonda cha kwenda hospitali, ila mama alinitazama kana kwamba mimi ndiye kisu.

Ilikuwa Desemba 2018. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, sina kazi, nasubiri matokeo. Mama akanipa kipande cha ngozi alichokibandua kwenye kochi kuukuu, nyeusi na laini, akanituma kwa mzee fundi wa viatu wa mtaani kwetu anishonee ala, ule mfuko wa kuchomekea kisu.

Mzee hakuihangaikia. Alikata ukingo wake kidogo akanionyesha ndani: katikati kulikuwa na mstari wa rangi ya kijivu iliyoingia ubuluu.

"Hii imetengenezwa kwa kromu," akasema. "Kwa kochi ni nzuri. Kwa ala haifai, maana uiloweshe vipi, uikunje vipi, ikikauka inarudi vile ilikuwa. Mwambie mama ashonee mto."

Akavuta kutoka chini ya benchi kipande cha ngozi ya soli, kigumu, unene wa milimita tatu hivi, kahawia mpaka ndani. Hiyo hutengenezwa kwa magome ya miti, hasa miwati, ambayo wakoloni waliipanda mashamba kwa mashamba upande wa Eldoret kwa ajili ya magome hayo hayo. Mzee akadondosha tone la maji juu yake. Likanywewa palepale, pakabaki doa jeusi. Kwenye ngozi ya kochi tone lilikaa juu likitutazama.

Kielelezo tulikikata kwa karatasi ya pakiti ya unga. Kisu kililazwa, karatasi ikakunjwa upande wa mgongo wake, tukachora kuzunguka na kuacha nafasi ya mshono upande wa makali. Nafasi hiyo Mzee aliipima kwa upana wa kidole chake, nami sikuona haja ya rula. Kati ya pande mbili za ngozi, kule kwenye makali, akaweka utepe mwingine wa ngozi na kuubandika kwa gundi. Bila utepe huo, makali hukutana na uzi moja kwa moja, na kisu cha springi hakichagui cha kukata.

Mashimo niliyatoboa mimi, kwa ule msumari wenye mpini wa mbao wa mafundi wa viatu. Uzi ulipitishwa kwenye nta kwanza, kisha ukatiwa sindano mbili, moja kila mwisho. Kila shimo linapitwa na sindano zote mbili, moja ikitoka kushoto, nyingine kulia. Ni kazi ya kuchosha vidole, lakini ukikatika uzi sehemu moja, mshono uliobaki unashika. Wa mashine ukikatika mahali pamoja, unaanza kufumuka. Ndiyo maana zile ala za nailoni wanazouza madukani mimi huzitazama tu nikapita.

Chini kabisa kwenye ncha, Mzee aliacha upenyo bila kushona. "Kisu cha samaki hakikosi maji," akasema. "Yakiingia, yatoke wapi?"

Halafu ikaja sehemu niliyoisubiri. Ala ilitumbukizwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Viputo vikapanda, vingi, kisha vichache, vikakoma. Akaitoa akaiacha kivulini mpaka rangi yake ikaanza kurudi, lakini ukiigusa kwa shavu bado ina ubaridi. Kisu nacho kilivikwa karatasi ya mkate, ile ya plastiki. Mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, karatasi ya mkate haikuguswa na marufuku hiyo, na mtaani kwetu haikutupwa tena ovyo.

Kisu kikaingia kwa kusukumwa. Mzee akaanza kubonyeza ngozi kwa kidole gumba na kwa ubavu wa ng'ombe uliolainishwa, akifuata ule uvimbe wa mpini, akirudi pale unapokutana na bapa. Alinikanya kucha zangu: alama yoyote kwenye ngozi yenye maji hivyo inabaki. Polepole umbo la kisu likatokea nje, mpaka vichwa vya misumari vikahesabika. Nilitaka kuianika juani. Akakataa, jua na jiko hukakamaza ngozi mpaka ipasuke.

Kesho yake ilikuwa ngumu, ukiigonga inalia. Karatasi ilikuwa imechanika mdomoni mwa ala, na pale chuma kilipogusa ngozi yenye maji palikuwa na doa jeusi. Mzee hakushtuka. Magome na chuma vikikutana kwenye maji hutoa weusi, ndivyo anavyotengeneza rangi yake: misumari yenye kutu, siki, na subira. Akaleta chupa yake na kuipaka ala yote nyeusi. Ilipokauka akaisugua nta, hasa kwenye mshono.

Mama alikitia kisu, kikaingia mpaka pale uvimbe wa mpini unapoishia kikanasa. Akaigeuza ala juu chini, akaitikisa kwa nguvu. Hakikutoka.

"Inanuka siki," akasema.

"Itanuka samaki kesho, mama," Mzee akamjibu. "Na usikilaze humo usiku kikiwa kimelowa. Kitashika kutu."

Kabla ya wiki kwisha wenzake mama wawili wa Obunga walikuwa wamesimama pale kibandani na visu vyao. Mzee akataja bei. Mmoja akasema kwa pesa hizo atanunua kisu kipya na abaki na nauli. Walivutana mpaka wakakubaliana nusu pesa, nusu samaki, na kazi ya kutoboa mashimo ikawa yangu.