Nondo wa mti wa betula

Yeyote aliyewahi kupepeta mchele uliokaa ghalani muda mrefu hapa Mombasa anawafahamu ndugu wa nondo ninayemwandikia leo, ingawa huyu mwenyewe haishi kwetu. Nondo wa mchele, Corcyra cephalonica, hustawi katika joto letu la pwani, na viwavi wake hutoa nyuzi laini zinazogandanisha punje, vumbi na kinyesi chao hadi mchele ukawa mabonge mabonge. Jike lake, ukimtazama kwa karibu, ana viungo viwili vya mdomo vilivyochomoza mbele ya uso mfano wa pua ndefu, alama ambayo nondo wengi wa familia ya Pyralidae wanayo.

Katika familia hiyo hiyo yumo Acrobasis betulella, nondo wa rangi ya kijivu ambaye hata akitandaza mabawa hafiki sentimita tatu. Alipewa jina hilo mwaka 1890 na George Hulst, mchungaji wa kanisa wa Brooklyn aliyekuwa pia mtaalamu wa wadudu. Makao yake ni Marekani na Kanada, kunakoota betula, mti wa nchi za baridi ambao baadhi ya aina zake zina gome jeupe linalobanduka kama karatasi. Kiwavi wake huchanganya nyuzi zake na kinyesi chake mwenyewe (ufundi ule ule unaotuharibia mchele), akajijengea mrija mwembamba kwenye majani, akawa anajificha humo na kutoka kidogo tu kula. Majira ya baridi humkuta angali mdogo, naye huyapitisha ndani ya kifuko cha nyuzi karibu na chipukizi, akisubiri majani mapya.

Habari zake ni chache, na kwa maoni yangu sababu ni kwamba hamgusi mtu mfukoni. Ndugu yake Acrobasis nuxvorella, anayetoboa kokwa changa za pekani (mti wa Amerika unaozaa kokwa za kuliwa), ametafitiwa kwa kina, hata ikatambuliwa harufu ambayo jike humwitia dume, na leo wakulima huitumia katika mitego. Acrobasis vaccinii naye anajulikana sana kwa sababu hushambulia matunda ya kranberi, ambayo ni biashara kubwa. Mla majani ya betula hana mkulima wa kumlalamikia.

Isitoshe, kumtambua ni kazi. Mwaka 1975 mtaalamu Neunzig alieleza spishi nyingine inayokula betula, Acrobasis betulivorella, na nondo wa jenasi hii, yaani kundi la Acrobasis, hufanana mno kwa mabawa, kiasi kwamba picha ya aliyetua kwenye taa usiku mara nyingi haitoshi. Mtaalamu hulazimika kuchunguza viungo vya uzazi kwa hadubini, au amtafute kiwavi ndani ya mrija wake, amlishe majani ya mti ule ule aliomkuta na kumlea hadi atoke nondo.