Ramadhani ya Maalim na kinyozi

Siku hizi watu wananiuliza sana, hasa vijana, kaka nianze na manga gani, zile katuni za Kijapani, au komiki gani mpya ina maana, na mimi badala ya kujibu nawauliza wao kwanza, we unapenda nini, unapenda kubishana, unapenda mpira, ushawahi kufanya kazi gani, wengine wanaona nawazungusha makusudi. Siwazungushi wallahi. Tabia hiyo nimeiokota barazani Malindi ya Unguja, Ramadhani ya 2014, nje ya gesti nilokuwa nafanya kazi.

Ramadhani ile iliangukia Julai kwaiyo wageni walikuwa wengi, mimi ndo resepsheni, mchana kutwa nimefunga huku nawaelekeza Wazungu njia ya Forodhani. Nyuma ya meza yangu palikuwa na shelfu ya vitabu wanavyoviacha wageni wakiondoka, vingi riwaya za mauaji za Kijerumani na Kiswidi ambazo hazina mtu wa kuzisoma, lakini pembeni kulikuwa na katuni, na hizo zilikuwa mali yangu. Mana mimi nimekulia Supa Strikas na Sani chakavu zilokuwa zikija na boti kutoka Dar, Ndumilakuwili na Madenge nilikuwa nikiwasoma mpaka kurasa zinachanika. Sasa nikakuta kwenye shelfu vitabu vinene, karatasi nzuri, nikavisoma vyote na kila nikimaliza kimoja nachomeka kikaratasi ndani, uchoraji 8, stori 6, jumla kadhaa, nilikuwa nimeona watu mtandaoni wanafanya hivo nikajiona na mimi ni mtaalamu.

Barazani nje kila baada ya alasiri walikuwa wanakaa wazee kungojea magharibi. Mmoja tulikuwa tukimwita Baharia, ujanani kafanya kazi kwenye meli za mizigo, bandari zote anakutajia. Mwengine ni Maalim, mtu wa Makunduchi, kastaafu kusomesha hesabu skuli, na kama unamjua mwalimu wa hesabu alostaafu basi sina haja ya kukueleza. Alikuwepo na kinyozi wa kibanda cha mbele yetu, mana mchana wa Ramadhani wateja haba, wao wanakuja usiku. Wengine walikuwa wanakuja kulala tu.

Siku hiyo mimi nimekaa mlangoni nasoma, Maalim akanitizama akasema, "Mtu mzima na katuni, mwezi mtukufu huu."

Kabla sijajibu Baharia akamdaka. "Yakhe, si wewe ulokuwa ukinunua gazeti la Uhuru kwa ajili ya Chakubanga tu? Mbele hufunui, nyuma hufunui, ni Chakubanga."

"Chakubanga ilikuwa siasa," Maalim akasema.

"Ilikuwa katuni."

Afu Baharia akaanza hadithi zake za Yokohama, kwamba alipanda treni kule akakuta wanaume wazima na tai zao shingoni, kila mmoja ana dude nene la katuni mkononi, wanasoma kimya, wakifika kituo chao wanaliacha kitini wanashuka. Maalim hakuamini. Mimi nikamwambia ni kweli, yale ni majarida ya kila wiki, karatasi rahisi, katikati ya miaka ya 90 moja wapo lilifika kuuza nakala zaidi ya milioni 6 kwa wiki, humo ndo zinatoka hizi manga kwanza, sura moja moja, kabla hazijakusanywa kuwa kitabu.

"Milioni 6 kwa wiki," Maalim akarudia, hesabu ishamshika. "Haya nipe na mimi. Nipe hicho chenye maksi nyingi."

Sasa chenye maksi nyingi kilikuwa Persepolis ya Marjane Satrapi, na kwa upande mmoja kilikuwa cha kwake khasa, mana Maalim ni Mshirazi wa kujisifu, sherehe za Mwaka Kogwa hakosi, asili yetu Uajemi asili yetu Uajemi, na kile kitabu ni mtoto wa kike wa Tehran, huko huko Uajemi, anakulia kwenye mapinduzi ya 1979 na vita na Iraq, kimechorwa nyeusi na nyeupe tu na kinakukamata roho. Lakini mle ndani yule mtoto anazungumza na Mungu, na Mungu kachorwa, mzee wa ndevu nyeupe. Tunisia 2011 televisheni ilionesha filamu ya kitabu hicho hicho watu wakaingia barabarani kwa hasira. Sasa mimi nimpe Maalim, mfungo, saa kumi za jioni? Nikakisukuma nyuma. Kukisifu nakisifu mpaka leo na nawapa watu, ila unaangalia nani na lini.

Nikamtolea Logicomix, ambacho mimi nilikipa 5. Kimetungwa na Wagiriki, Apostolos Doxiadis na Christos Papadimitriou, kimetoka kwa Kiingereza 2009, kinahusu maisha ya Bertrand Russell yule Muingereza alokuwa anatafuta msingi wa hesabu zote. Watu mle wanazungumza, wanazungumza, wanazungumza. Uchoraji safi lakini wa kawaida, na hapo sijapandisha maksi hata leo. Nikamwambia Maalim hiki cha fani yako.

Baharia naye akataka, nikampa Slam Dunk namba 1, na hapa nisimame kidogo mana kuna kitu nilikiona sikukitarajia. Manga zilizochapwa vile vile kama Japani zinaanzia kule tunakoita nyuma, kulia kwenda kushoto, na kila mgeni wa Kizungu alokuwa akiichukua ile manga kwenye shelfu ilinibidi nimuoneshe, si huku, geuza, na mwishoni kumewekwa ukurasa mzima wa kuwatahadharisha. Baharia alikipokea akakifungua kama anafungua juzuu, akaanza juu kulia akashuka, wala hakuniuliza kitu. Kiingereza chake cha melini lakini kinatosha. Wazee wote pale wamesoma Qur'ani chuoni, mkono unajua wenyewe.

Stori ya Slam Dunk kama hujasoma, Takehiko Inoue aliichora toka 1990 mpaka 1996, kuna kijana mkorofi wa nywele nyekundu anaitwa Sakuragi, kakataliwa na wasichana 50, sasa kampenda mmoja ambae anapenda basketi basi na yeye anajiunga na timu ya skuli ati ni mchezaji, hajui lolote. Wanamuweka pembeni adundishe mpira peke yake wakati wenzake wanacheza. Hapo ndo Baharia aliponaswa. Alicheka mpaka akawaamsha walolala, akasema huyu mimi, nilipoingia melini mara ya kwanza nikidhani nitashika usukani, nikapewa nyundo nigonge kutu, nagonga kutu toka Mombasa mpaka Bombay, na nyundo yangu pembeni, wenzangu wanatizama bahari.

Kesho yake Maalim hakuja. Kesho kutwa yake akaja kachelewa, kitabu kwapani kimejaa vipande vya gazeti vya kuwekea alama, hakusalimia vizuri, akasimama mbele ya baraza vile alivokuwa akisimama darasani nadhani.

"Sikizeni. Kuna mji una kinyozi mmoja tu. Sheria ya mji, kila mwanamme awe kanyolewa. Asojinyoa mwenyewe atanyolewa na kinyozi, na kinyozi hamnyoi mtu mwengine isipokuwa hao wasojinyoa. Kinyozi ananyolewa na nani?"

Kinyozi wetu alikuwepo, akajibu hapo hapo. "Mimi nanyolewa na mdogo wangu, yupo Jang'ombe."

"Mji una kinyozi mmoja!"

"Basi ajinyoe mwenyewe."

"Akijinyoa mwenyewe basi yeye ni mtu anaejinyoa, na kinyozi hawanyoi wanaojinyoa. Kavunja sheria."

"Basi asijinyoe."

"Asipojinyoa anaingia kwa wasojinyoa, na hao lazima wanyolewe na kinyozi. Kinyozi nani? Yeye!"

Kukawa kimya kidogo afu pakawaka. Mmoja ambae sikuwahi kumsikia akisema kitu toka mwezi uingie akafumbua macho akasema afuge ndevu, sunna hiyo, kesi imekwisha. Maalim akamwambia sheria imesema kila mwanamme anyolewe. Basi sheria hiyo ya makafiri. Baharia akasema kinyozi apande meli, nje ya maji ya nchi sheria haimfiki, ajinyoe arudi. Kinyozi wetu kaudhika kweli kweli, anasema kwanini mfano uwe kinyozi, kwanini si fundi charahani. Watu wanapita njiani wanasimama, muuza tende kaacha tende zake, na mimi ndani simu ya gesti inalia siisikii.

Maalim akawaeleza kwamba hicho si kitendawili cha kitoto, Russell alikutana na mkorogano wa aina hiyo 1901 kwenye hesabu zenyewe, akamuandikia barua Mjerumani Frege 1902, na Frege miaka na miaka anajenga kitabu chake cha misingi, juzuu ya pili ishafika kwa mpiga chapa, ndo barua inamfika kwamba msingi una ufa. Alivolisimulia lile ungedhani Frege alikuwa jirani yake Makunduchi. "Kitabu kishafika kwa mpiga chapa," alirudia, anatikisa kichwa. Afu akaongeza kwamba huyo Russell na mwenzake Whitehead walikwenda kurasa zaidi ya 300 ndo wakafika kuthibitisha kwamba moja na moja ni mbili, hapo Baharia akamuuliza na wewe skuli miaka yote ile ulikuwa ukitusomeshea watoto bila ya kuthibitisha? Maalim hakupenda.

Bi mpishi wetu, Mpemba wa Wete, alikuwa dirishani jikoni anachagua tambi za futari, kasikiliza mwanzo mpaka mwisho. Akatoa kichwa.

"Maalim, kinyozi mwanamke."

Maalim akafungua mdomo akaufunga. Kweli, sheria imesema mwanamme, mwanamke haimuhusu. "Kitabu kimekusudia mwanamme," akasema, akaanza kupekua vipande vyake vya gazeti atafute pahala palipoandikwa, na adhana ikamkuta bado anapekua, ikabidi apelekewe tende mkononi.

Baada ya futari akaja resepsheni na kikaratasi changu. Ile 5. "Nani kasahihisha hiki?"

Nikamwambia mimi, Maalim.

"Umepima nini? Kigezo kiko wapi? Huyu wa mpira umempa 9 na huyu 5, ni mtihani mmoja huo? Mimi huyo wa mpira nimemfunua kwa Baharia, sikufika hata ukurasa wa kumi." Nikamtetea mchoraji, nikasema uchoraji wa Inoue hauna mpinzani, mtu anaruka na unahisi uzito wake, akasema sawa, lakini mimi ungeniambia tu kwamba hiki ni cha mtu anaependa ubishi, ningekichukua siku ya kwanza, hizo namba zako hazikunambia kitu.

Ule usiku nikavichomoa vikaratasi vyote. Logicomix nikaandika, mpe mtu wa ubishi. Slam Dunk, mpe alokwisha kuanza kazi ya chini. Aya wa Yopougon, ile ya Marguerite Abouet na Clément Oubrerie, wasichana wa Abidjan mwishoni mwa miaka ya 70, hiyo sikuandika mana bi mpishi alikuwa keshaichukua jikoni, Kiingereza hakitaki lakini picha anazifata vizuri tu, mitaa yenye vumbi na mashosti wanaosengenyana na mabwana wa uongo, akaniambia hawa watu wa Wete hawa. Mwisho wa kitabu wametia mapishi na namna ya kufunga kitambaa chao kiunoni, akasema kufunga huko sisi tumekushinda.

Mpaka leo ndo hivo hivo nafanya. Juzi juzi dada mmoja mchora piko Mwanakwerekwe kaniomba kitu kipya, nikampa Witch Hat Atelier ya Kamome Shirahama, mana mle uchawi wenyewe ni kuchora, wino na duara, na duara lisipofunga hakitokei kitu. Angeniuliza ina maksi ngapi nisingejua kumjibu. Kanipigia usiku wa manane kunilaumu kwamba ana bi harusi asubuhi na hajalala.

Sasa Baharia. Namba 1 aliimaliza upesi akataka ya pili, nikamwambia haipo, na zote ziko 31. "Thalathini na moja!" Akanitizama mimi kana kwamba ndie nilozificha. Duka la kuuza manga hapa kisiwani lilikuwa hakuna, kwenye simu hataki, macho. Basi akamfuata mama mmoja wa mtaani anaekwenda Dubai kuchukua mzigo wa sikukuu, mimi nikaandikiwa kazi ya kuandika karatasi, jina la kitabu, mchoraji, namba 2, na jina la duka, Kinokuniya, duka la Kijapani lile la vitabu ndani ya Dubai Mall. Yule mama akasema yeye na kilo zake za mabegi katuni haitoingia.

Karudi siku mbili kabla ya Idd. Kaleta namba 2, na kaleta namba 3 ambayo hakuna mtu alomtuma. Baharia akatoa pesa ya kitabu kimoja, mama akasema viwili haviachani, na bei aliyoitaja ilikuwa na Dubai ndani yake, na ndege, na ushuru, na faida juu. Baharia akamwambia we mwanamke unaniuzia katuni kwa bei ya kanzu. Akamjibu babu, kule ndani nimemuona yule mwenye nywele nyekundu kaingizwa uwanjani, ukitaka kujua kafanya nini toa pesa, hutaki naipeleka kwa Maalim.

Akatoa.