Miwani ya kusomea ilikuwa inanisumbua kwa kompyuta, hivi ndo nilivyosolve

Kama ushapita 40 na unasukuma simu mbali ndio usome meseji ya M-Pesa, huo si ugonjwa, ni lenzi ya ndani ya jicho inakuwa ngumu na umri. Mi nilikuwa na zile za +2.00 (hiyo ni namba ya nguvu ya lenzi) za kununua tayari, gazeti nasoma poa kabisa, lakini nikikaa kwa kompyuta ofisini maandishi yanakuwa ukungu na jioni kichwa kinagonga. Mpimaji wa macho hapo tao akaniuliza kitu kimoja tu, skrini iko umbali gani? Kumbe kwa macho yangu +2.00 inashika kama sentimita 40 hivi, na skrini iko karibu 70. Akanipima, ya kompyuta ikatoka +1.25, ile ya zamani ikabaki ya kusomea na kuchagua mchele. Zile za tayari zinazouzwa barabarani si mbaya vile watu husema, shida ni macho yote mawili yanapewa namba moja, sasa kama jicho moja liko tofauti ama una astigmatizimu (jicho halijapinda sawasawa, vitu vinaonekana ukungu) utaumia bure. Fremu nilichukua nyepesi isiyofinya pua, na kamba ya shingoni, wacha watoto wacheke, siitafuti tena chini ya mito.