Kipoza Oili cha Datsun Yangu na Mpando wa Mau

Mjomba wangu aliponikabidhi Datsun 240Z yake ya mwaka 1972, alinipa pamoja na funguo onyo moja tu: nisiipandishe milima ya Mau kwa pupa. Kwa miaka miwili niliyachukulia maneno hayo kuwa ya mzee anayelipenda gari lake kuliko anavyowapenda wapwa zake. Kila nilipopita Salgaa na Sachangwan, kwenye mpando huo, niliitazama geji ya joto la maji, nikaiona sindano imetulia katikati, nikakanyaga mafuta.

Geji ya maji ilikuwa ikisema kweli, ila ilikuwa ikizungumzia jambo jingine. Maji yana thamostati (vali inayofunguka kwa joto), feni na rejeta ya kuyapoza, ilhali oili ya injini hii, kama ilivyotoka kiwandani, haina zaidi ya sampu, yaani bakuli la bati la oili chini ya injini, inayopigwa na upepo unaopita chini ya gari. Oili hiyo ndiyo inayopita kwenye beringi za krenki na kurushwa chini ya pistoni, mahali ambapo maji hayafiki, na kwa hiyo inaweza kuwa imechemka vibaya wakati maji yangali kwenye joto lake la kawaida. Nilifahamu hivyo baada ya kufunga kihisi cha joto mahali pa bolti ya kumwagia oili. Jumamosi moja ya Februari, jua likiwa kali, niliondoka Nakuru nyuma ya msururu wa malori, nikayapita moja moja kwa gia ya tatu, na nilipofika Mau Summit geji mpya ilisoma nyuzi 127 za Selsiasi. Niliposimama na kuiacha injini izunguke taratibu, presha ya oili ilishuka chini ya pauni 10 kwa inchi ya mraba, nayo asubuhi ilikuwa juu ya 30.

Oili ya uzito wa 20W-50, kama yangu, hufanya kazi yake vizuri kati ya nyuzi 90 na 110. Juu ya hapo huwa nyepesi mno, na utando wake kwenye beringi hukonda. Hali ya kwetu inazidisha tatizo hilo. Nakuru iko takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na uzito wa hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya sita ukilinganishwa na ule wa Mombasa. Mau Summit, iliyo juu ya mita 2,400, ina hewa hafifu zaidi. Hewa ikiwa hafifu, injini hudai ukanyage mafuta zaidi ili kupanda mlima uleule, na upepo unaopita kwenye sampu huondoa joto pungufu. Datsun za aina hii zilishinda mbio za East African Safari mwaka 1971 na 1973, na kwa sababu hiyo wenye nazo hupenda kusema kuwa ziliumbwa kwa barabara zetu. Naikubali sifa hiyo, ingawa gari la mashindano hutunzwa na kikosi cha mafundi na langu hutunzwa na mimi na fundi mmoja.

Kifaa nilichohitaji ni kipoza oili, ambacho mafundi wa hapa hukiita oili kula, kutoka Kiingereza "oil cooler", jina lililomfanya binti yangu aulize kama tunalifungia gari kitu cha kulifanya lile oili zaidi. Ni kirejeta kidogo cha alumini. Changu kina safu 19. Oili hutolewa mahali pa filta kwa kisahani kinachobanwa kati ya filta na injini, ikapelekwa mbele kwa mpira mmoja, ikapoa, kisha ikarudi kwa mpira wa pili hadi kwenye filta na beringi.

Kisahani cha kwanza nilichoagiza kilinitia hasarani. Duka lilinihakikishia kuwa kinafaa Datsun zote. Nilipokizungusha kwenye hesi ya filta kiliingia, lakini kwa ulaini wa kutia shaka, na nilipokitikisa kilicheza kidogo kama jino la mtoto. Fundi wangu, mzee aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa, alichukua kipimo, akapima, akanitazama juu ya miwani yake. "Kijana wangu, hii ya injini ni ya inchi. Hicho chako ni cha milimita."

Hesi ya injini yangu ni ya robo tatu ya inchi yenye meno 16 kwa inchi, yaani upana wa milimita 19 na kidogo, ilhali kisahani kilikuwa cha milimita 20 chenye meno ya milimita moja na nusu. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, na hatari yenyewe ni kwamba vitu hivyo viwili hukubaliana kwa mizunguko kadhaa. Ningekikaza, kingeshika kiasi, nami ningeondoka nacho hadi presha ya asubuhi yenye baridi ikichomoe na kumwaga oili yote barabarani. Kisahani cha pili nilikiagiza baada ya kutuma vipimo kwa maandishi.

Cha pili kilikuwa na thamostati ndani yake, na kuhusu hilo sikubaliani na wanaosema ni anasa. Asubuhi ya Julai huku kwetu oili huanza safari ikiwa na nyuzi kumi na kitu. Kipoza kisicho na thamostati huipoza oili ambayo bado inahitaji kupata joto, hivyo injini huzunguka kwa muda mrefu na oili nzito, na unyevu unaoingia kwenye sampu haupati joto la kuukausha. Thamostati yangu hufunguka karibu na nyuzi 80. Kabla ya hapo huruhusu oili kidogo tu kupita mbele, kiasi cha kuondoa hewa.

Mipira niliipata hapahapa mjini. Nakuru inalisha matrekta ya Njoro na Molo, kwa hiyo mafundi wa mipira ya haidroliki hawakosekani, na wanabana ncha za chuma kwa mashine huku ukisubiri. Jambo la kuangalia si presha, kwani mpira wa trekta hustahimili presha mara nyingi zaidi ya pauni 60 za injini yangu. Cha kuangalia ni joto. Mpira mwingi wa haidroliki umewekewa kikomo cha nyuzi 100, na maandishi hayo yamechapwa ubavuni mwake. Nilimwomba fundi anitafutie wa nyuzi 150, akanishangaa, akaenda nyuma ya duka, akarudi nao ukiwa na vumbi.

Kipoza nilikiweka mbele ya rejeta, upande wa kulia, juu ya vibao vyenye vipande vya mpira ili mtikiso wa barabara usikipasue. Midomo yake inatazama juu, hewa isije ikanaswa ndani. Kwa injini hii filta iko upande wa kulia, na kwa kuwa magari yetu yana usukani upande huohuo, mipira hupita karibu na shafti ya usukani. Nilipozungusha usukani hadi mwisho nilisikia mkwaruzo mdogo. Mpira mmoja ulikuwa unaguswa. Tulifungua, tukaupindisha kwa kiunganishi chenye pembe ya nyuzi 45, tukaufunga kwa klipu, nikazungusha tena mara ishirini.

Kabla ya kuwasha, tulijaza kipoza oili kwa mkono, tukahakikisha gasketi ya filta ya zamani haijabaki imeng'ang'ania injini, tukachomoa waya wa koili na kuzungusha stata kwa vipindi vifupi hadi presha ikaonekana kwenye geji. Ndipo tukawasha, na baadaye tukaongeza kama nusu lita iliyokwenda kujaza mipira na kipoza.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kisumu. Salgaa niliipita kwa kasi ileile na malori yaleyale, na Mau Summit geji ilisoma nyuzi 104. Katika mteremko wa Kericho, ukungu ukiwa umekaa juu ya majani chai, ilishuka hadi 84 ikatulia, thamostati ikifanya kazi yake. Joto la Ahero liliipandisha hadi 97. Usiku, nyumbani kwa dada yangu, nilitandaza katoni chini ya injini, na asubuhi nikaivuta nikiwa nimepiga magoti. Oili haikuwapo hata tone. Palikuwa na tone moja la kijani, la maji ya rejeta, nami nikamwuliza shemeji kama ana bisibisi.