Profesa wa gumbaru

Jumamosi nilialikwa ruracio huko Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, kijana wa ofisini kwetu akipeleka mahari. Siku hizi mbuzi wanatajwa kwa heshima tu, kinachohesabiwa ni noti, lakini mahema, pilau na wazee wenye kofia vipo vilevile. Emsii alikuwa anatambulisha wageni. Alipofika kwangu akasoma karatasi, akatabasamu kama mtu aliyeokota hela barabarani.

"Huyu mama ametoka Tanzania, na ni profesa wa gumbaru! Wacha nichunge Kiswahili changu, asinirudishe darasani na kina shosho."

Hema zima likacheka. Hata yule kijana akacheka, na ndiye aliyeandika ile karatasi.

Shosho ni bibi, na gumbaru ndiyo ngumbaru yetu, kisomo cha watu wazima. Nyumbani nalo lina utani wake, ila utani wa kwetu una adabu kidogo, kwa sababu anayetania huwa ana mama au bibi aliyepita humohumo. Hapa ni tusi la rejareja. Dereva wa matatu akikosea njia anaulizwa kama alisomea gumbaru.

Nikaomba maikrofoni. Nikasema kwa ile sauti yangu ya ukumbini kwamba mimi sifundishi mtu a-e-i-o-u. Nafundisha wanaofundisha watu wazima: wauguzi, mabwana shamba, askari magereza, watu wa mashirika. Nasimamia tasnifu za uzamivu. Nimeandika makala kadhaa. Wakapiga makofi, emsii akainama kuomba radhi, nikakaa nikiwa nimeshinda.

Kijiko cha pili cha pilau hakikushuka. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu mia mbili nikamkana mama yangu.

Mama alisoma kisomo Sengerema, mkoani Mwanza, alasiri, chini ya mwembe wa shule, mimi nikiwa mgongoni. Mwalimu wao alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba juzi tu, na wanafunzi wake walimzidi umri mara mbili. Vitabu vyao vilihusu pamba, maana ukanda wa ziwa ndiko mpango ule wa kisomo chenye manufaa ulikoanzia, na waliouandaa walijua mkulima hatasumbuka na herufi zisizomlipa. Mama akafanya mtihani wa taifa wa 1975, akapita. Msimu uliofuata akaenda kuuza pamba. Karani wa mizani akapiga kelele, "Thelathini na nane!" Mama akasogea, akauangalia mshale, akasema taratibu, "Mwanangu, hebu soma tena. Huo uko kwenye arobaini na moja." Karani akasoma tena. Kilo tatu hizo mama amezisimulia maisha yangu yote, kila mara kwa sauti ileile, na kila mara anaonyesha kwa kidole mshale ulipokuwa.

Ndizo zilizonipeleka chuo. Wenzangu Dar es Salaam walikimbilia sheria na biashara, mimi nikachagua elimu ya watu wazima. Wakati ule ulikuwa bado unaweza kuitamka fani hiyo bila kujitetea. Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wanakusanyika kwenye redio kwa vikundi, wanasikiliza, wanajadiliana, halafu wanaondoka kwenda kuchimba choo. Choo cha nyumbani kwetu kilichimbwa na redio, ndivyo baba alivyokuwa akisema. Najua mengi ya enzi zile yalikwama, na nimeandika makala za kuyakosoa, ila hakuna aliyeona kichekesho mtu mzima kushika kalamu.

Kenya nayo ilikuwa na moto wake. Serikali ya Moi ilianzisha kampeni 1979, ujinga ufutwe kwa miaka mitano. Moto ukapoa, likabaki neno la kuchekea. Siku hizi kila nikitaja kazi yangu mtu ananitajia Maruge, yule mzee wa Eldoret aliyeingia darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84, na kaptula na soksi za sare. Wanamtaja kwa upendo na mimi nampenda. Lakini jiulize: mzee wa miaka 84 anataka kujisomea Biblia, na mlango anaoupata ni wa shule ya watoto. Sisi wa fani hii tulipaswa kuona aibu pale walipokuwa wanapiga makofi.

Nimeanza kufoka. Ngoja niseme na wale wanaoniandikia kila wiki, "Prof, nitafutie nafasi huko."

Ndugu zangu wa Mwanza husema Nairobi siyo ughaibuni, unapanda basi jioni, unavuka Sirari, asubuhi umefika. Njoo uone. Kabla hujafunga begi, peleka vyeti vyako Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vitambuliwe, usisubiri kufika. Ukiambiwa kuna kazi ya kufundisha kwa muda, unalipwa kwa somo, uliza unalipwa lini kabla ya kuuliza shilingi ngapi. Mimi nilianza hivyo, na kuna muhula niliulipwa baada ya wanafunzi wake kuhitimu. Ukiajiriwa rasmi, kuna kodi, kuna bima ya afya asilimia 2.75, kuna asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, nyumba ambazo mimi mgeni nazisaidia kujengwa huku nikipanga Kinoo. Na migomo ipo: ule wa wahadhiri wa 2025 ulikwenda siku 49. Usije na mkopo. Mvua ikinyesha nauli ya hamsini inakuwa mia, usibishane na makanga, hutashinda.

Cheo nacho usikitegemee kukutunza. Kutoka mhadhiri hadi mwandamizi, hadi profesa mshiriki, nimehesabu makala kama mama alivyohesabu kilo, na karani wa mizani yangu hasogelewi.

Ila kuna Jumamosi ninaondoka darasani nimenyanyuka. Nina mwanafunzi askari magereza anayekuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, buti miguuni. Saa ya kwanza anasinzia bila kujificha. Saa ya pili anaamka na kunibishia. Wiki mbili zilizopita nilikuwa naeleza kwamba mtu mzima hujifunza anachokihitaji leo. Akanyanyua mkono: "Madam, kule kwetu wafungwa wanataka kuandika barua moja tu. Wakiweza hiyo, darasa wanaacha. Sasa tuseme wamefaulu ama wametoroka?" Nimefundisha somo hilo zaidi ya miaka kumi, sikuwa na jibu la papo hapo. Bado silipendi nililompa.

Jumapili nikampigia mama. Shikamoo, marahaba, mvua, magoti, nani kafariki. Akauliza harusi ilikuwaje. Nikamwambia haikuwa harusi, mahari tu, watu mia mbili, wamenitambulisha vizuri kabisa. Niliyoyasema kwenye maikrofoni sikumwambia.

"Mlikula nini?"

"Pilau."

"Mchele huko kilo shilingi ngapi?"

"Mia mbili, mama. Ya Kenya."

Simu ikawa kimya. Namjua, alikuwa anazidisha kwa ishirini kichwani.

"Elfu nne," akasema. "Na unatoka huku kwetu?"

"Mwingine unatoka huko."

"Watu mia mbili hao wote wakala pilau?"

"Wakala, na wengine wakafungasha."

"Wangepika ugali," akasema, akaanza kunieleza habari za mbuzi wa jirani.