Leso tu, sasa tuko kwa mawakili

Basi ile barua ya wakili imefika, na imefikia kwangu kwa vile mimi ndo katibu wa chama chetu, kijana wa bodaboda kanikabidhi mlangoni nina unga wa mahamri mpaka viwikoni. Kurasa mbili. Mweka hazina wetu anataka aombwe radhi kwa maandishi ndani ya siku 7, la sivyo kortini.

Kisa ni leso. Tulichanga za sare, zikanunuliwa Biashara Street, bei ikapanda kuliko tulivyokubaliana, na mama mmoja (nampenda lakini mdomo wake hauna breki) akarekodi voisi ya dakika 4 akaitupa kwenye grupu la wasap, akamtaja huyo mweka hazina kwa jina, jina la babake na mtaa anaokaa, kwamba kala elfu 18. Kufika magharibi voisi iko Lamu, iko Dubai.

Sasa kusemana kwenye vyama si kugeni hapa Mombasa. Bibi yangu alikuwa wa lelemama, ile ngoma ya wanawake, enzi za vikundi vya Ibinaal Watan na Banu Saada, wakichambana kwa nyimbo usiku kucha ila kwa fumbo, mwenye kujijua anajijua, ukiinuka kulalamika ndo ushajitaja mwenyewe. Hata leso, mtu akinivalia leso ya maneno akapita mbele yangu, nitamwambia nini hakimu? Voisi haina fumbo. Ina jina, ina pesa, na sauti ni yako.

Halafu watu wanatisha eti mama wa voisi atafungwa. Kwa ile jinai ya kukashifu hafungwi bwana, Mahakama Kuu iliitupa 2017, barua hii ni ya madai, anadaiwa fidia, na mwenye kushtaki ana miezi 12 kwa hivyo tusijidanganye kwamba tukinyamaza yatapoa. Cha kumuokoa hapa ni ukweli, nikamuuliza, mamangu una ushahidi? Akanijibu, "mwanangu, kila mtu anajua."

Kila mtu nani! Risiti ninazo mimi, nimezijumlisha mara tatu, hesabu imepelea 400, na hiyo 400 ni ya tuktuk niliyopanda MIMI na mizigo.

Kikao ni Alhamisi. Leso zenyewe, doti 60, ziko chumbani kwangu hazijakatwa wala kupindwa, paka kazifanya kitanda. Jana mweka hazina kanipigia, hata salamu hakunipa, kauliza tu kama nimezifunika maana anajua pale kwangu panavuja.