Maswali Kabla ya Sindano

Watafiti wa malale walipofika kijijini kwetu, wilayani Urambo, nilikuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwenyekiti aliniweka mbele ya mkutano nifasiri Kinyamwezi kwa ajili ya wazee.

Barua zilikuwepo zote: kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, barua ya mkoa, barua ya wilaya. Daktari aliyewaongoza akaeleza vizuri. Malale huenezwa na mbung'o, vimelea vyake hukaa hata kwenye ng'ombe na wanyama pori, na walio hatarini zaidi ni wanaokaa kambini porini, hasa warina asali. Wangepima damu za watu na mifugo, wangetega mbung'o kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Asiyetaka asilazimishwe.

Mzee mmoja, mrina asali, akasimama. "Daktari, mwanangu, wenzenu walikuja zamani wakanitoa damu. Mpaka leo sijaambiwa. Nilikuwa nayo au sikuwa nayo?"

Kabla hajajibiwa, mama mmoja akadakia: "Na mkimkuta nayo mume wangu, nani atampeleka hospitali? Nauli ya nani? Nani atakaa naye wodini?"

Nilijua hofu yake. Siku zile aliyekutwa na vimelea alichomwa sindano mgongoni kutoa maji ya uti wa mgongo, ionekane kama vimefika kwenye ubongo. Vikiwa vimefika, dawa ilikuwa melasoprolo, yenye aseniki ndani yake, na dawa hiyo yenyewe iliweza kuua. Anayekuja kukutafutia ugonjwa wa namna hiyo lazima aseme mapema atakufanyia nini akiupata. Kibali cha NIMR kinamruhusu mtafiti kutuomba damu. Kukubali ni kwetu.

Daktari hakubishana. Akaomba kikao na serikali ya kijiji, tukakaa mpaka jua likapinda. Niliandika mimi muhtasari: kila aliyepimwa apewe majibu yake, faragha, mgonjwa apelekwe na gari lao pamoja na msindikizaji, vijana wa hapa wasimamie mitego kwa malipo, upimaji usubiri watu wamalize kuvuna tumbaku. Kuhusu damu kupelekwa nje ya nchi hatukuafikiana. Alisema hilo lina mkataba wake na haliamui peke yake. Tukaandika kwamba hakuna sampuli itakayovuka mpaka kabla hajarudi kutueleza. Muhtasari ukasomwa kwa Kinyamwezi mkutanoni, baadhi wakakataa kupimwa, na hakuna aliyewafuata.

Walirudi na majibu kama walivyoahidi. Yule mzee aliitwa ndani, akaelezwa kwamba hana vimelea. Hakuinuka.

"Nimeshukuru," alisema. "Sasa niambie kuhusu ng'ombe wangu."

Daktari akafungua daftari la mifugo.